Sauti Nazo ni Mali

Santuri za zamani zikitajwa, watu wengi hufikiri habari za waimbaji mashuhuri. Lakini huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, zimehifadhiwa silinda za nta zaidi ya 600 zenye sauti za watu wasio na sifa yo yote, walizozitia wenyewe majumbani mwao kati ya miaka ya 1890 na 1910 hivi.

Fonografu ilibuniwa na Thomas Edison mwaka 1877. Silinda ya nta, iliyokuja baadaye, ni mfano wa mkebe usio na tako wala kifuniko. Mtu alisema mbele ya pembe ya mtambo, sindano ikatetemeka na kuchora mfuo mwembamba juu ya nta iliyokuwa ikizunguka. Kisha mtambo ule ule ukairudisha sauti yake. Gramafoni za sahani kwa kawaida hazikuweza hayo, bali zilipiga tu santuri za kiwandani. Basi mwenye fonografu aliweza kuwakusanya jamaa zake, huyu akaimba, huyu akasimulia kichekesho, hata kilio cha mtoto mchanga kikatiwa katika nta.

Mwaka 2015 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba silinda hizo zimeingizwa katika orodha ya sauti zinazostahili kutunzwa daima, kwa kuwa zaonyesha jinsi watu wa kawaida walivyosema na kucheka.

Silinda ya kiwandani ikivunjika, huenda nyingine kama hiyo ikapatikana. Ya nyumbani ni moja tu. Nta huliwa na ukungu, na kila ikipigwa kwa mtambo wa kale hupungua. Kwa hiyo chuo huzipiga kwa mtambo wa umeme wenye sindano nyepesi, na nakala huwekwa katika kompyuta, ambako ye yote aweza kuzisikiliza bila malipo. Lakini nyingi hazikuandikwa jina wala tarehe. Sauti imeokoka, mwenyewe hajulikani.

Hilo ni fundisho kwa kila nyumba yenye kanda za kaseti za wazee. Kanda nazo huharibiwa na joto na unyevu. Yafaa zifanyiwe nakala upesi, na kila moja iandikwe jina la msemaji, mahali na mwaka, maadamu yupo aitambuaye sauti ile. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.