Betri ya Pumzi na Betri ya Kitufe

Betri za sigara ya kielektroniki ni za lithiamu, na kazi yao ni moja: kuipasha koili moto mpaka majimaji yawe mvuke. Zinapotofautiana ni kwenye kiwashio. Ya otomatiki huwashwa na pumzi, ya kitufe huwashwa na kidole.

Ndani ya betri ya otomatiki mna kihisio chenye utando mwembamba, kilichoundwa kama maikrofoni ndogo. Mtu akivuta, shinikizo la hewa hushuka, utando husogea, na saketi hupeleka umeme kwenye koili. Ndivyo zilivyo nyingi za zile za kutumia na kutupa. Hakuna cha kujifunza, na wengi huzipendea hapo. Tatizo ni kwamba kihisio kinahitaji njia ya hewa, na panapopita hewa, majimaji nayo hupita. Koili ikichelewa kupata moto, mvutaji huongeza nguvu; akiongeza nguvu, majimaji hufurika na kuteremka hadi kwenye utando. Utando ukilowa, betri hugoma, au hujiwasha yenyewe bila kuvutwa. Mimi hili la pili ndilo linalonitia hofu.

Betri ya kitufe haina kihisio cha kulowa. Unabonyeza kidogo kwanza, koili inashika moto, kisha unavuta polepole. Nyingi hukata umeme zenyewe kitufe kikishikiliwa kwa takriban sekunde 10, na hufungwa kwa kubonyeza mara 5 za haraka. Kufunga huko usikupuuze: kitufe kikibanwa mfukoni, koili huunguza utambi wake bure.

Kwa mtu mzima aliyekwisha kuacha sigara na kuhamia huku, nasema achukue ya kitufe yenye saketi ya ulinzi. Asiyevuta asianze na yoyote, kwani nikotini hujenga uraibu.

Kuna aina nyingine ya kitufe isiyo na saketi kabisa. Umeme hutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Hapo koili ikiwa na ukinzani mdogo mno, au ikipiga shoti, hakuna cha kuukata. Mwaka 2018 huko Florida, Marekani, mtu alifariki baada ya kifaa cha namna hiyo kulipuka. Sioni sababu ya mtu wa kawaida kuwa nacho.

Betri za kuchomoa, hasa zile za ukubwa wa 18650, zikae kwenye kikasha chake cha plastiki. Sarafu au funguo zikigusa ncha zote mbili, shoti hutokea papo hapo na paja huungua. Ganda la plastiki la betri yenyewe likichanika, usiichaji tena. Ukisafiri kwa ndege, kifaa kiwe nawe kwenye mkoba wa mkononi: tangu 2015 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinakataza kukiweka kwenye mizigo ya chini, ambako moto ukianza hakuna wa kuufikia.