Ya Volti 480 Inazunguka, ya 220 Inaungua

Mashine ya mtumba ikishashushwa kwenye kivuko cha Kamanga, mwenye karakana huuliza kwanza kama TANESCO watamletea umeme wa njia tatu. Hilo ni swali la pili. La kwanza, mota inataka volti ngapi na hezi ngapi, linajibiwa na kibao cha bati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota, ambacho mara nyingi kimefunikwa na rangi. Kikwangue.

Umeme wetu ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, na 400 kati ya fezi na fezi, kwa hezi 50. Mota ya njia tatu haina habari na nyutro. Inachokula ni ile 400. Mashine ya Kijapani iliyoandikwa 220 huwaponza watu hapo, kwa kuwa namba yake inashabihiana na umeme wa nyumbani.

Sasa chukua ya Marekani, volti 480, hezi 60. Kwa macho haifai, kumbe inafaa bila transfoma. Chuma cha ndani ya mota hakiangalii volti peke yake, bali volti ukizigawanya kwa hezi: 480 kwa 60 ni 8, na 400 kwa 50 ni 8 vilevile. Kasi na nguvu vitabaki sehemu tano kati ya sita, yaani mota iliyozunguka mara 1,750 kwa dakika itashuka hadi karibu 1,450. Kwa mashine ya kuranda mbao, puli kubwa zaidi kwenye mota hurudisha kasi, mradi usiibebeshe mzigo wote wa zamani.

Ile ya 220 kwa hezi 60, ukiileta kwenye hezi 50 inataka volti 183 tu. Fundi mjanja atafungua boksi la waya, aitoe delta aiweke stari, ili kila koili ipate 230 badala ya 400. Ni afadhali, lakini bado imezidishiwa zaidi ya robo. Itaungua taratibu badala ya ghafla, na anayefurahi ni fundi wa kuwaindi.

Bahati nzuri Japani yenyewe ina umeme wa aina mbili, Tokyo hezi 50 na Osaka 60, kwa hiyo vibao vingi vina mistari zaidi ya mmoja. Tafuta ule wa volti 200, hezi 50. Ukiupata, weka transfoma ya njia tatu ya kushusha 400 hadi 200. Mota ya kilowati 7.5 hula takriban ampea 30 kwa volti 200, sawa na kVA 10.4, nunua ya 15, maana mota inapowashwa hunyonya mara tano hadi saba ya hapo.

Halafu pima fezi kwa fezi mashine ikiwa kazini, hasa kama uko mwisho wa laini. Volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuzungusha hupungua kwa 19. Fezi zikipishana kwa asilimia 3.5 tu, joto la koili hupanda kwa karibu robo. Moja ikikatika kabisa, mota iliyosimama huvuma bila kuanza, na iliyokuwa inazunguka huendelea kwa fezi mbili huku ikijichoma. Kwa hiyo funga kifaa cha kukata umeme fezi inapopotea, hata kama muuzaji ameapa kwamba mashine inacho tayari.