Mashudu ya pamba: faida kwa ng'ombe, hasara kwa kuku na nguruwe

Msimu wa pamba unapofunguliwa Kanda ya Ziwa, viwanda vya kukamua mafuta hupata mbegu kwa wingi na mashudu huingia sokoni. Kwa mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo hiyo ni nafasi nzuri, mradi ajue anachonunua na atakayemuuzia.

Thamani ya mashudu iko kwenye protini. Yaliyotokana na mbegu zilizoondolewa maganda hufikia karibu asilimia 40. Yenye maganda huwa karibu asilimia 25. Anayenunua kwa gunia bila kuuliza huenda akalipia maganda kwa bei ya protini.

Hatari kubwa ni gosipoli, sumu ya asili iliyomo katika mbegu ya pamba. Ng'ombe mkubwa anayecheua huihimili kwa kiasi. Ndama, nguruwe na kuku hudhurika upesi zaidi. Umoja wa Ulaya unaruhusu, kwa kila kilo ya chakula kamili, miligramu 500 za gosipoli huru kwa ng'ombe wakubwa, 100 kwa ndama, 60 kwa nguruwe na 20 tu kwa kuku wa mayai.

Madhara hayaonekani siku ile ile. Baada ya wiki au miezi, mnyama hupumua kwa shida, moyo hudhoofika na huweza kufa ghafla. Kwa kuku wa mayai, kiini hubadilika rangi na kuwa cha kijani-kahawia mayai yakiwekwa ghalani, na mnunuzi huyakataa. Madume ya kupandia nayo yanaweza kupungukiwa uwezo wa kuzalisha.

Joto la ukamuaji hufunga sehemu ya sumu hiyo, hivyo mashudu yaliyokamuliwa bila joto yahitaji tahadhari zaidi. Joto likizidi, nalo huharibu ubora wa protini.

Unyevu ni adui wa pili. Mashudu yaliyolowa huota ukungu, na sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa, wala haiondolewi kwa kuchemsha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afungue magunia kadhaa, anuse na kutazama ukungu, aulize namna mbegu zilivyokamuliwa, na kwa shehena kubwa apeleke sampuli maabara. Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mteja wa kuku au nguruwe aelekezwe kwenye mashudu ya alizeti. Kumkosa mteja mmoja leo ni nafuu kuliko kudaiwa fidia ya banda zima kesho.