Eksirei za Proxima Centauri

Eksirei za Proxima Centauri ni mnururisho wenye nishati kubwa unaotoka katika nyota hiyo, ambayo ni jirani wa karibu zaidi wa Jua letu. Mnururisho huo unachunguzwa sana kwa sababu unahusiana na swali kama sayari yake, Proxima Centauri b, inaweza kuwa na uhai.

Nyota na sayari yake

Proxima Centauri iko umbali wa miakanuru 4.2 kutoka Dunia. Iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes, mwanaastronomia wa Johannesburg, Afrika Kusini. Ni mwenzi wa Rijili Kantori (Alpha Centauri), nyota angavu inayoonekana Afrika Mashariki upande wa kusini wa anga, lakini yenyewe haionekani bila darubini. Ni nyota kibete nyekundu: masi yake ni takriban asilimia 12 ya masi ya Jua, na nuru yake yote haifikii asilimia 0.2 ya nuru ya Jua.

Kugunduliwa kwa sayari hiyo kulitangazwa Agosti 2016 na kundi la wanasayansi lililoongozwa na Guillem Anglada-Escudé. Masi yake inakaribia ile ya Dunia au kuizidi. Inaizunguka nyota yake kwa siku 11.2, kwa umbali wa kilomita milioni 7 hivi. Kwa kuwa nyota ni hafifu, umbali huo uko katika ukanda wa kukalika, yaani eneo ambako maji yanaweza kuwa kiowevu, mradi sayari iwe na angahewa.

Chanzo cha eksirei

Ndani ya nyota ndogo kama Proxima, gesi hupanda na kushuka kutoka kiini hadi usoni, kama uji unaochemka. Mwendo huo, pamoja na nyota kujizungusha, hujenga uga sumaku wenye nguvu. Uga huo hupasha joto korona, yaani tabaka la nje la nyota, hadi sentigredi milioni kadhaa, na gesi yenye joto hilo hutoa eksirei. Mara kwa mara nishati ya uga hufunguka ghafla na kusababisha mlipuko.

Wakati wa utulivu, Proxima hutoa eksirei zinazokaribia kiasi cha zile za Jua. Lakini sayari yake iko karibu na nyota mara 20 kuliko Dunia ilivyo karibu na Jua. Ukali wa mnururisho hufuata mraba wa umbali, hivyo kwa nyota mbili zenye eksirei sawa, sayari iliyo karibu mara 20 hupokea mara 400 (20 × 20).

Milipuko huongeza kiasi hicho. Machi 2016 nyota iling'aa mara 68 kuliko kawaida. Tarehe 1 Mei 2019 urujuanimno wake uliongezeka takriban mara 14,000 kwa sekunde chache.

Athari kwa angahewa

Angahewa nzito humeza eksirei kabla hazijafika ardhini. Ndiyo sababu darubini za eksirei kama Chandra huwekwa angani nje ya Dunia. Hatari kubwa ni kwa angahewa yenyewe. Tabaka zake za juu hupata joto, hupanuka, na gesi hutorokea angani. Mvuke wa maji hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni ikishatoroka, maji hayo hayarudi tena. Milipuko inaweza pia kuharibu ozoni inayokinga uso wa sayari dhidi ya urujuanimno.

Kwa upande mwingine, volkeno zinaweza kurudisha sehemu ya gesi iliyopotea, na viumbe vinavyoishi chini ya maji vingekuwa na kinga.

Utafiti

Proxima b haipiti mbele ya nyota yake ikitazamwa kutoka Dunia, hivyo ni vigumu kupima angahewa yake. Wanasayansi hulinganisha na sayari za TRAPPIST-1, ambayo pia ni nyota kibete nyekundu. Mwaka 2023 vipimo vya darubini ya James Webb vilionyesha kuwa TRAPPIST-1 b, sayari ya ndani kabisa, ina takriban sentigredi 230 upande wa mchana, dalili kwamba haina angahewa ya maana. Kwa hiyo kuwa ndani ya ukanda wa kukalika hakutoshi. Ni lazima pia sayari iweze kuitunza hewa yake.