Kigae Kimoja Kati ya 21,780

Mwishoni mwa Mei, mahindi ya Iowa, Marekani, yakiwa na majani manne au matano, mkulima wa huko hulizungukia shamba lake siku mbili tatu baada ya mvua kubwa. Anatafuta vitu viwili: kidimbwi mahali ambapo mwaka jana palikuwa pakavu, au shimo la mviringo, upana wa sufuria, lililotumbukia wima kana kwamba kuna mnyama aliyechimba. Hakuna mnyama. Mita moja chini ya shimo hilo lipo bomba la udongo wa kuchoma lililopasuka, na kila mvua inaponyesha bomba hilo humeza udongo wa shamba kidogo kidogo na kuutapika mtaroni.

Wenyewe bomba hilo huliita kigae. Kwetu kigae ni cha paa au cha sakafu, na tangu zamani ni kipande cha chungu kilichovunjika, jambo linalofaa hapa, kwa kuwa mara nyingi hicho cha mwisho ndicho mkulima anachokuta mwisho wa chepe. Kigae kizima kina urefu wa futi 1, yaani sentimita 30, tundu la inchi 4, yaani sentimita 10, na uzito unaokaribia kilo 3. Vilipangwa kimoja baada ya kingine ndani ya mtaro mwembamba bila saruji, vikiachiana pengo la kama milimita 3, kisha vikafukiwa. Maji ya shamba huingilia kwenye mapengo hayo, si kwenye kuta za kigae.

Sasa tuhesabu. Shamba la ekari 40 lenye umbo la mraba lina futi 1,320 kila upande. Mistari ya vigae ikiachana futi 80, shamba hilo linahitaji futi 21,780 za mabomba, bila kuhesabu bomba kubwa linalokusanya maji ya mistari yote. Hivyo ni vigae 21,780. Ni tani 65 za udongo uliochomwa, na ni mapengo elfu ishirini na moja na ushei ambayo kila moja lazima liwe limekaa sawa. Mtaro wenye kina cha mita 1 na upana wa sentimita 35 kwa urefu huo wote unatoa zaidi ya mita za ujazo 2,300 za udongo, kiasi cha kujaza malori 230 ya mita 10 za ujazo. Kabla mashine za kuchimba mitaro hazijaenea mwishoni mwa karne ya 19, kazi hiyo ilifanywa kwa mikono.

Aliyeianzisha Marekani ni John Johnston, Mskoti aliyelima karibu na Geneva, New York. Mwaka 1835 aliagiza vielelezo vya vigae kutoka kwao Uskoti, akampa mfinyanzi wa jirani amtengenezee, na mwaka 1838 akaanza kuvilaza shambani. Majirani walimcheka kwamba anazika vyungu. Ngano yake ilipotoka busheli 12 kwa ekari ikafika 60, kicheko kilikwisha, na hatimaye shamba lake lilikuwa na maili 72 za vigae. Kwa kipimo cha futi moja moja, hivyo ni vigae 380,160 kwa mtu mmoja.

Sensa ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2017 ilihesabu ekari milioni 55.6 zilizokaushwa kwa mabomba ya chini ya ardhi. Hizo ni hekta milioni 22.5, eneo linaloikaribia Uganda nzima pamoja na maziwa yake. Mabomba ya plastiki yenye mikunjo yalianza kuenea huko mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo karibu kila kilichozikwa kabla ya hapo ni udongo wa kuchoma au saruji, na vingi bado vinafanya kazi. Kigae kilichochomwa vizuri hakina sababu ya kuoza. Kinachokiua ni magurudumu ya kombaini na matela ya nafaka yaliyozidi uzito mara nyingi kuliko farasi wa siku zile, mizizi ya mierebi inayofuata maji, baridi inayogandisha kilicholazwa juujuu, na tanuri lililotoa vigae visivyoiva.

Uchungu wa mfumo huu ni kwamba vigae vyote vya mstari mmoja vinategemeana. Kimoja kikivunjika, udongo unaoingia hapo huziba njia, na vyote vya juu yake, hata viwe vizima kama vilivyotoka tanurini, havina pa kutolea maji. Ndiyo maana kuuliza kigae kinagharimu kiasi gani hakusaidii kitu. La kuuliza ni kimekaa wapi.

Nitumie bei za mfano, zisizo mbali na soko la huko, na msomaji aweke zake. Tuseme eskaveta pamoja na dereva wake ni dola 150 kwa saa, kazi inachukua saa nne, na kipande cha bomba la plastiki na viunganishi vyake ni dola 50. Jumla ni dola 650. Mahindi tuyape busheli 200 kwa ekari, wastani ambao Iowa iliufikia mwaka 2023, na bei ya dola 4 kwa busheli. Busheli ya mahindi ina kilo 25.4, kwa hiyo ekari moja ya huko inatoa kama magunia 56 ya kilo 90. Nimeirudia hesabu hiyo mara mbili, nayo iko sawa.

Kigae kikivunjika katikati ya mstari mmoja wa pembeni, kinazuia futi 660 za mstari. Ukizidisha kwa upana wa futi 80 unapata ekari 1.2 zinazoloa. Zikipoteza nusu ya mavuno, hasara ni busheli 120, dola 480 kwa msimu. Matengenezo ya dola 650 yanajilipa katika msimu wa pili. Lakini kigae cha aina ileile kikivunjika kwenye bomba kubwa, karibu na mahali linapotokea mtaroni, nyuma yake zipo ekari zote 40. Hata kama shamba litapoteza moja ya tano tu ya mavuno, hizo ni busheli 1,600, dola 6,400. Shimo ni lilelile, na hata likimlazimu mwenye eskaveta kukaa siku nzima, malipo yake hayasogelei hasara hiyo.

Kuna hasara nyingine isiyochimba shimo wala kuonekana, nayo ni tope. Kwa kanuni ya Manning, wanayoitumia wahandisi wa maji, kigae cha inchi 4 chenye mteremko wa sentimita 10 katika mita 100 hupitisha kama lita 1.7 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 147 kwa siku. Tope likijaa hadi nusu ya kimo chake, mtu angedhani kinapitisha nusu. Hapana. Maji yanabaki na nafasi ndogo huku yakisuguana na sakafu mpya ya tope, na kinachopita ni asilimia 36 tu, mita za ujazo 53. Mstari mmoja wa shamba letu unahudumia karibu hekta moja. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya ardhi iliyokwisha kushiba, ni kama mita za ujazo 390. Tukichukulia kwamba zote zitapita bombani, kigae safi kinazimaliza kabla siku ya tatu haijaisha, na chenye tope kinahitaji zaidi ya siku saba. Mahindi machanga huvumilia kuzama siku mbili hadi nne, na joto likipanda, hata mbili ni nyingi.

Fundi mzuri kwa hiyo haanzi kuchimba penye kidimbwi. Huanza mtaroni, kwenye mdomo wa bomba, kwa sababu mara nyingi ugonjwa wote upo hapo: mdomo umefukiwa na udongo, au panya wamejenga ndani kwa kuwa wavu wa kuwazuia ulianguka zamani. Kusafisha mdomo kunahitaji koleo na asubuhi moja. Mdomo ukiwa mzima, hutafuta mstari wenyewe kwa fimbo ya chuma, akichoma ardhi hatua kwa hatua mpaka asikie mgongano mkavu wa udongo uliochomwa. Wengine hutumia picha za droni zilizopigwa siku mbili tatu baada ya mvua, wakati udongo ulio juu ya mabomba unapotangulia kukauka na kuonekana mweupe kuliko wa pembeni. Kazi hii ya kutafuta ndiyo inayokula saa za eskaveta, kwani ramani za vigae vingi zilikuwa vichwani mwa watu waliokwisha kufa. Na kabla ya kuchimba kwa mashine, hupigiwa simu namba 811, ili wenye mabomba ya gesi na nyaya waje kuweka alama bila malipo.

Kilichovunjika kikipatikana, huchimbwa pande zote mbili mpaka vigae vizima vionekane. Kurudisha kigae kimoja juu ya udongo uliokwisha kuchimbuliwa ni kujitafutia kazi ya mwakani, kwa sababu udongo huo utazama, kigae kitazama nao, na bonde dogo litakalobaki litakusanya tope. Dawa yake ni bomba gumu refu linalolala kama daraja, ncha zake zikiegemea ardhi ambayo haijawahi kuguswa. Maungio hufungwa kwa viunganishi vya kipimo, kwa kuwa plastiki ya inchi 4 na kigae cha inchi 4 havilingani kwa nje, kisha huzungushiwa kitambaa cha kuzuia udongo. Na bomba la chini kamwe lisiwe jembamba kuliko la juu.

Methali inamwambia mtu azibe ufa asije akajenga ukuta. Haimwambii ni ufa wa ngapi. Kulaza mabomba mapya ya plastiki katika shamba zima, tuseme kwa dola 1,100 kwa ekari, kunafika dola 44,000 kwa ekari 40. Ukikopa kwa riba ya asilimia 6 na kulipa kwa miaka 20, kila mwaka unatoa karibu dola 3,840. Kila ufa wa pembeni unagharimu 650 za fundi na 480 za mahindi, jumla dola 1,130. Gawanya, unapata 3.4. Mwenye ufa mmoja au mbili kwa mwaka aendelee kuziba. Anayefikisha nne kila mwaka analipa bei ya shamba jipya huku akimiliki la zamani. Au tuipime kwa upande mwingine: dola 3,840 ni dola 96 kwa ekari, busheli 24, asilimia 12 ya mavuno. Ikiwa shamba zima linapoteza kiasi hicho kwa unyevu, hata kama hakuna shimo hata moja, ukuta umekwisha kujilipia.

Wauza mabomba huishia hapo. Mimi ningeongeza mambo matatu. Mikunjo ya plastiki husugua maji, kwa hiyo bomba jipya la inchi 4 hupitisha pungufu ya kigae cha inchi 4 kwa karibu moja ya tano. Kupanda hadi inchi 6 huzidisha uwezo karibu mara tatu, ila hakusaidii kitu kama bomba la wilaya ya maji ambamo mashamba yote humwaga maji lilizikwa miaka mia iliyopita na limekwisha kuelemewa. Iowa ina wilaya za maji zaidi ya 3,000 za namna hiyo, na wamiliki wa ardhi ndio wanaochangia ukarabati wake.

La pili ni sheria. Tangu mwaka 1985, anayekausha ardhi oevu ili alime anaweza kupoteza ruzuku za serikali ya shirikisho. Ardhi iliyokaushwa kikamilifu kabla ya tarehe 23 Desemba mwaka huo iko huru, lakini iliyokaushwa nusunusu na inayoendelea kuloa huruhusiwa kukarabatiwa hadi uwezo wake wa zamani tu. Iowa imekwisha kupoteza karibu asilimia 89 ya ardhi oevu yake ya asili, na maji yanayopita kwenye mabomba haya hubeba nitrati hadi kwenye mito ambayo miji huchota maji ya kunywa. Shirika la maji la Des Moines lilizishtaki wilaya za maji za kaunti tatu kwa sababu hiyo mwaka 2015, kesi ikatupwa mwaka 2017. Dola za kuisafisha nitrati hiyo hazimo katika hesabu yangu, wala hazimo katika ya mkulima.

La tatu ni nani analipa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya Iowa hulimwa kwa kukodi. Mpangaji mwenye mkataba wa mwaka mmoja anapoteza dola 480 msimu huu na hana hakika kama atakuwepo msimu ujao, msimu ambao matengenezo ya 650 yangemlipa. Mwenye shamba haoni kidimbwi, kwa sababu kodi yake ni ileile. Ardhi ya huko ilikuwa wastani wa dola 11,467 kwa ekari mwaka 2024, hivyo bomba jipya la 1,100 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mali yake, na bado vigae vingi huvunjika vikingoja wawili hao wakubaliane.

Kwa anayetaka kujua hali ya mstari wake kabla ya kuita eskaveta, ipo njia isiyo na gharama, mradi mstari humwaga maji yake peke yake mtaroni. Asubuhi baada ya mvua kubwa, maji yakitoka kwa nguvu zote, kinga ndoo ya lita 20 mdomoni mwa bomba na uhesabu. Kigae safi cha inchi 4 katika mteremko ule huijaza kwa sekunde 12. Chenye tope nusu, sekunde 33.