Rubaya: majani juu, koltani chini

Wasomaji wengi wanalisikia jina la Rubaya katika habari za vita tu. Basi tunapenda kuwaelezea namna mahali penyewe palivyo, kwani asiyeujua mlima hawezi kufahamu sababu watu wanaugombania.

Toka Goma ni karibu kilometa 60, upande wa magharibi. Njia inapita Sake, kando ya ziwa Kivu, kisha inapanda Mushaki. Toka hapo ni vilima juu ya vilima. Rubaya iko bondeni, na nyumba zake za mbao na mabati zimebanana. Huku Masisi ni malisho ya ng'ombe, na fromaji yake ya mviringo inauzwa Goma mpaka Kinshasa. Anayeviona vilima hivyo kiisha mvua hatakana kwamba inchi hii ni nzuri sana.

Hii ni inchi ya Bahunde. Toka mwaka 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu wa Rwanda na kuwakalisha huku, hasa Gishari. Wengine walipata mashamba, wengine kazi kwa walowezi wa kizungu na katika migodi. Lakini neno la nani ni mwenye udongo halikukatwa vizuri wakati ule. Mwaka 1993 liliwaka moto: vita vilianza Ntoto, katika Walikale, vikaingia Masisi.

Na chini ya majani kuna koltani, jiwe jeusi na zito. Mwamba wa huku umeoza kwa mvua ya miaka mingi, kwa hiyo wachimbaji hawahitaji mashini: sururu na beleshi zinatosha. Udongo unaoshwa kwa maji. Ulio mwepesi unakwenda, jiwe zito linabaki. Humo inatoka tantali, metali ya kufanyia vyombo vidogo sana vya kutunza umeme ndani ya simu na ndege. Karibu 15% ya koltani ya dunia, wanakadiri, inatoka Rubaya.

Hati ya mgodi ilikuwa ya Société Minière de Bisunzu. Wachimbaji walikuwa katika ushirika wa COOPERAMMA. Mwaka 2013 walipatana: ushirika uchimbe, kampuni inunue. Mapatano yalikuwa mazuri katika karatasi, lakini ugomvi haukuisha. Tarehe 30 Aprili 2024 M23 waliteka Rubaya, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria ushuru wao wa koltani kuwa dola 800,000 hivi kwa mwezi.

Tena, udongo ulio laini kwa kuchimba ni laini kwa kuanguka. Mashimo yanachimbwa karibu karibu, bila nguzo za kutosha, na mvua inaingia. Mwisho wa Januari 2026 mlima uliporomoka. Watu zaidi ya 200 walikufa, kadiri ya msemaji wa wakubwa waliowekwa na M23: wachimbaji, watoto, na wamama wa soko. Wamama hao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wanauza tu.