Injini inayokula oili: Kwa nini hasara humwangukia mnunuzi wa mwisho

KATI ya malalamiko yanayowarudia wauzaji wa magari ya mtumba baada ya biashara kufungwa, machache ni magumu kuyamaliza kama la gari linalokula oili. Gari limekaguliwa Japani, limeshushwa Dar es Salaam au Mombasa, ushuru umelipwa na mnunuzi amelijaribu mtaani akaridhika. Wiki tatu baadaye anarudi akisema stiki ya oili imetoka kavu. Chini ya gari hakuna tone, kwenye bomba hakuna moshi, na taa ya injini haijawaka. Muuzaji anamwambia aongeze oili aendelee na safari.

Wote wawili huenda wanasema kweli, na ndiyo sababu ugomvi wa namna hii hauishi haraka.

Kila injini hula oili kidogo. Oili hupakwa kwenye kuta za silinda ili pistoni isikwaruze, kisha ringi ya chini ya pistoni huikwangua na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyo kwenye pistoni yenyewe. Inayobaki ukutani huungua pamoja na petroli. Kwa hiyo swali si kama injini inakula oili, bali inakula kiasi gani. Hapo utata unaanza, kwa sababu vitabu vya mwongozo vya magari mengi ya Toyota vimeandika kuwa matumizi ya hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 bado yamo ndani ya kiwango. Mwenye gari anayefanya sevisi kila baada ya kilomita 5,000 anaweza basi kuongeza lita 5 kati ya sevisi moja na nyingine, kiasi kinachozidi oili yote inayojaza injini ndogo, na bado akaambiwa gari lake ni zima.

Kwamba kipimo hicho ni kikubwa mno kilionekana nchini Marekani. Wenye magari ya Toyota yenye injini ya 2AZ-FE, ile ya lita 2.4, walilalamika kwa miaka hadi kampuni ilipotoa maelekezo kwa mafundi wake mwaka 2011. Gari lilijazwa oili, likawekewa alama ili mtu asifungue mfuniko, likaendeshwa maili 1,200, yaani kilomita zipatazo 1,900, kisha likapimwa upya. Lililopungukiwa karibu lita moja au zaidi kwa umbali huo lilihesabiwa kuwa bovu. Mwaka 2015 kampuni ilipanua dhamana, na baadhi ya Camry, RAV4, Corolla na nyinginezo za kati ya 2006 na 2009 zilizoshindwa kipimo zikabadilishiwa pistoni na ringi bila malipo. Ukilinganisha na kitabu cha mwongozo, mstari wa ubovu ulisogezwa karibu nusu.

Chanzo kilikuwa kwenye ringi ya oili na matundu ya pistoni. Masizi yanapojaa kwenye matundu hayo, oili haina njia ya kurudi, ringi inaganda kwenye mfereji wake na kuacha kukwangua. Pistoni za kubadilishia zilitengenezwa upya ili kuondoa kasoro hiyo. Subaru nayo ilishtakiwa na wateja wa Marekani mwaka 2014 kuhusu baadhi ya Forester, Legacy, Outback na Impreza, na katika makubaliano ya mwaka 2016 ikarefusha dhamana ya injini hizo hadi miaka 8 au maili 100,000.

Dhamana hizo zilikuwa za soko la Marekani. Aliyenunua gari la namna hiyo kupitia mnada wa Japani na kulipitisha bandari ya Afrika Mashariki hakuwa na mlango wa kubisha.

Na injini ya 2AZ-FE si ngeni kwenye barabara zetu. Ndiyo iliyofungwa kwenye Ipsum ya lita 2.4, Harrier, Alphard, Estima, RAV4 na Vanguard nyingi. Si kila moja inakula oili, na hilo lisemwe wazi, maana wapo madereva wa teksi waliozunguka na Ipsum miaka mingi bila kuongeza hata nusu lita. Kenya, kwa kanuni yake ya kutoruhusu gari lililozidi miaka 8 chini ya kiwango cha KS 1515:2000, haiyaingizi tena magari hayo kutoka ng'ambo. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haijafunga mlango, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Lakini magari yaliyokwisha kuingia yanaendelea kubadilisha mikono ndani ya nchi hizi na kuvuka mipaka, na kila anayeuza anajua jambo ambalo anayenunua halijui.

Wachumi wanalifahamu tatizo hilo vizuri. George Akerlof, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, aliandika mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya chini kwa yote, na mwenye gari zima ataona heri abaki nalo. Anayetaka kuona mfano akae asubuhi moja kwenye uwanja wa magari. Fununu ikishaenea kwamba injini fulani inakula oili, bei hushuka hata kwa yule ambaye yake haina kasoro, naye hana namna ya kuthibitisha.

Ukaguzi wa kabla ya kusafirisha haumsaidii sana. Unaangalia breki, taa, matairi, bodi, usomaji wa kilomita na mengine yanayoonekana gari likiwa limesimama au likizungushwa kwa dakika chache. Ulaji wa oili hauonekani kwa dakika chache. Unahitaji kilomita mia kadhaa na mtu wa kuandika. Cheti cha ukaguzi kinaweza kuwa halali kabisa na injini ikawa inakunywa oili kama kawaida.

Mtu wa kwanza kuliendesha gari mwendo mrefu barani Afrika mara nyingi ni dereva wa IT, anayelitoa Dar es Salaam na kulifikisha mpakani au mpaka kwa mwenyewe Zambia. Kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka kupitia Tunduma ni karibu kilomita 1,900. Gari linalokula lita 1 kwa kilomita 1,000 linapoteza karibu lita 2 katika safari hiyo moja, wakati injini ya lita 2.4 hubeba lita 4 na kidogo. Kama halikujazwa vizuri bandarini, mwisho wa safari oili iko chini kabisa ya alama ya L. Mpandoni na kwenye kona hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa, na beringi zikaanza kusagika. Dereva analipwa kufikisha gari, si kuvuta stiki. Analikabidhi likiwa linawaka, mwenyewe anasaini, na miezi miwili baadaye injini inagonga. Wakati huo hakuna awezaye kusema kama uharibifu ulianza Japani, njiani au mikononi mwa mwenye gari.

Tajiri mwenye magari mengi njiani anaweza kulitumia jambo hilo hilo kwa faida yake. Safari ya IT tayari ni kipimo chenye urefu karibu sawa na kile cha maili 1,200 kilichotumika Marekani. Kinachotakiwa ni gari kujazwa hadi alama ya F likiwa mahali tambarare, injini ya moto ikiwa imezimwa kwa dakika 5 au zaidi, kilomita ziandikwe, na dereva apewe galoni moja ya oili. Kila kilichoongezwa njiani kinaandikwa, na mwisho wa safari gari linajazwa tena hadi F kwa kipimio cha lita. Karatasi ya namna hiyo, yenye kilomita na lita, ina thamani mbele ya mnunuzi kuliko maneno mengi ya dalali.

Mnunuzi asiyepewa karatasi ana njia chache za kujikinga, na hakuna inayotosha peke yake. Moshi wa buluu asubuhi kwa sekunde chache kisha ukakatika huelekeza kwenye sili za valvu. Moshi unaotoka gari likikanyagwa mafuta huelekeza kwenye ringi. Plagi ikifunguliwa ikaonekana na utandu mzito wa masizi yenye oili, ni dalili mbaya. Lakini gari lenye katalisti nzima linaweza kuficha moshi wote mpaka ulaji uwe mkubwa. Hata kipimo cha kompresha, ambacho mafundi wengi hukitegemea, kinaweza kudanganya katika aina hii ya ubovu. Kompresha hushikwa na ringi mbili za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na kompresha ikasoma vizuri silinda zote nne. Fundi anasema injini ni nzima, na kwa kipimo alichotumia hajakosea.

Mbinu za kuficha zinajulikana. Oili nzito ya 20W-50 ikiwekwa mahali pa 5W-30, ulaji hupungua kwa muda na sauti ya injini hutulia. Zipo pia dawa za chupa za kupunguza moshi. Oili mpya kabisa, nzito na safi mno kwenye gari lililokaa uwanjani miezi, inastahili kuulizwa.

Likishakuwa gari lako, uamuzi ni wa hesabu kuliko hasira. Tuseme teksi inakwenda kilomita 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 5,200, na tuseme oili ni Sh 12,000 kwa lita. Ikila lita 1 kwa kilomita 1,000, oili ya kuongeza ni Sh 62,400 kwa mwezi. Kama kushusha injini na kubadilisha pistoni, ringi na gasketi kunagharimu Sh milioni 2, itachukua miezi 32 kurudisha fedha hiyo kwa oili iliyookolewa peke yake. Wenye teksi wengi wanaoamua kuongeza oili tu hawajakosea hesabu. Ikifikia lita 1 kwa kilomita 300, gharama ni Sh 208,000 kwa mwezi na matengenezo hujilipa kabla ya miezi 10. Kila mmoja aweke bei za mji wake, lakini pale mahali pa kugeukia patakuwapo.

Hesabu hiyo inaacha nje katalisti inayoharibiwa na oili inayoungua, plagi zinazochafuka mapema, na hasa ile siku moja ambayo dereva wa zamu hakuvuta stiki. Siku hiyo peke yake inaweza kula injini nzima. Kwa sababu hiyo gari la kukodisha kwa dereva asiye mwenyewe halifai kubaki na ulaji ambao mwenye gari anayeendesha mwenyewe angeuvumilia.

Kabla ya kushusha injini, kuna kifaa kidogo cha bei ndogo kinachosahaulika, valvu ya kutoa mvuke wa injini ambayo mafundi huiita PCV. Ikiziba au kukwama, oili huvutwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, na wapo waliomaliza tatizo hapo.

Kwa wenye malori mambo yanafanana ila kipimo hubadilika. Lori hubeba oili nyingi zaidi, na lita moja kwa kilomita 1,000 haimshtui mtu. Mafundi wa magari makubwa hulinganisha oili na dizeli iliyotumika, na wanachotazama zaidi ni mabadiliko, yaani lori lililokuwa likiongezwa lita 2 kwa safari linapoanza kuomba 5. Kwenye injini zenye tabo, sili za tabo huangaliwa kwanza. Jambo jingine ni foleni za mipakani. Injini ya dizeli inayoachwa ikiunguruma masaa mengi bila mzigo haipati moto wa kutosha, ringi hazikandamizi vizuri, na kuta za silinda hulainika kama kioo hadi zishindwe kushika oili inavyotakiwa. Tunduma na Kasumbalesa zimejulikana miaka mingi kwa foleni ndefu. Madereva huacha injini iwake kwa ajili ya kipoza hewa au betri, na gharama yake huonekana baadaye kwenye ndoo ya oili.

Wengine huchoka na kubadilisha injini nzima kwa ya mtumba kutoka Japani au Dubai. Hiyo hurejesha mnunuzi kwenye swali lile lile, kwani injini iliyo chini sakafuni haiwezi kuendeshwa kilomita 1,000 kupimwa, na dhamana ya muuzaji mara nyingi ni ya siku chache. Kwa anayevuka mipaka kuna suala la ziada. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ikibadilika lazima marekebisho yafanywe, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya. Gari ambalo namba ya injini hailingani na kadi linaweza kuzuiliwa mpakani hadi ielezwe injini hiyo ilitoka wapi, hivyo risiti ya injini na hati yake ya forodha zikae ndani ya gari mpaka kadi mpya itoke.